Corolla 110 inazima asubuhi kwenye baridi, ikipata moto haina shida kabisa. Msaada wakuu

Zabibu Kavu:
Habari za jioni wakuu, naomba msaada maana nimechoka kuwaamsha majirani. Nina Corolla 110 injini ya 5A, otomatiki, ya mwaka 1997, nakaa Nzuguni na kazini ni Mtumba. Tangu hii baridi ya Juni ianze na ule upepo wetu mnaoujua, asubuhi nikipiga stata inawaka vizuri tu, kuwaka haisumbui, ila ikishawaka silensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga resi) inashuka, inatetemeka sekunde chache afu puu, imezima. Nawasha tena, hivo hivo. Inabidi niweke mguu kwenye resi niishikilie, nikiachia tu imekufa, na nikikanyaga kwa haraka ndo kabisa inakabwa, inakohoa kwanza ndo ipande. Nikivumilia inapata uhai naondoka, ila hata pale nasubiri kuingia barabara kubwa inaweza ikazima nikiachia resi, mpaka nikaribie Ihumwa ndo inatulia, na mshale wa joto muda wote huo uko chini kabisa. Mchana jua likishawaka hata ikae paking masaa mengi inawaka na kukaa bila tatizo.

Aliyeniuzia aliniambia hizi gari ndo zilivyo, zina uzee. Fundi wa kwanza kabadili plagi na filta ya hewa (filta ilikuwa na vumbi la kufa mtu, hapo nilimwelewa), haikusaidia. Wa pili kasafisha nozeli. Wa tatu bila hata kufungua boneti anasema kontrol boksi (kompyuta ya injini) imekufa nimpe laki mbili na nusu anitafutie used. Taa ya chek injini haiwaki nikiwa naendesha. Kabla sijatoa hiyo hela naomba kujua nianzie wapi.

Jembe la Kizota:
Plagi hizo mkuu, weka orijino

Zabibu Kavu:
Plagi zimebadilishwa, nimeandika hapo juu jamani. Na mimi ni dada, hiyo mkuu mkuu mnanizeesha bure hahaha

Alizeti ya Singida:
Pole dada. Mimi huku Singida baridi yetu haina tofauti na yenu na nilikuwa na Carina yenye tabia kama hiyo, ilikuwa ni trotobodi chafu (pale hewa inapoingilia injini, penye kipepeo kinachofunguliwa na resi) pamoja na ile valvu ya silensa inayokaa chini yake. Kazi ya ile valvu asubuhi ni kufungua njia ya pembeni hewa ipite zaidi ili injini izunguke juu kidogo mpaka ipate moto, sasa ikiganda kwa masizi haifungui, gari inakosa hewa inazima, ukikanyaga resi unakuwa umeifungulia hewa kwa mguu ndo maana inakaa. Fungua trotobodi ishushe kabisa mezani, usipulizie juu juu ikiwa kwenye gari, fungua na hiyo valvu, isafishe kwa spreya ya kabureta na mswaki mpaka kile kipepeo cha ndani kicheze chenyewe ukitikisa. Angalizo moja, zile skrubu za valvu zimekaa hapo toka Japan, bisibisi ya nyota isiyokaa vizuri inavua kichwa, na ukishavua kichwa utaimba. Na gasket yake ikichanika tafuta nyingine, usipake gundi ya silikoni ikaziba tundu la hewa au la maji.

Bahi Road:
Naungana na hapo juu ila nisiache pampu ya mafuta. Gari ikikaa usiku kucha mafuta yanatakiwa yabaki kwenye paipu na presha yake, kile kivalvu cha kwenye pampu kikichoka mafuta yote yanarudi tenki, asubuhi unaanza na paipu kavu. Jaribu hivi, weka swichi ON bila kupiga stata, sikiliza pampu ivume nyuma huko, zima, rudia mara mbili tatu, ndo upige stata. Ikiwaka na kukaa bila kuzima basi tatizo ni presha kushuka usiku

Mzee wa Choki:
Vijana shikamooni kwa niaba yenu, maana hamna anayesalimia wazee humu. Mimi niko Kondoa, nimeendesha Peugeot 504 na Land Rover enzi hizo tunavuta choki kwa mkono, na ngoja nimweleze huyu binti kitu kimoja ambacho mafundi wa siku hizi wanakiruka.

Petroli haiungui ikiwa maji maji, inaungua ikiwa mvuke. Injini ikiwa ya baridi sehemu ya mafuta inaganda kwenye kuta za manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda) kama jasho kwenye chupa ya soda, kinachofika kwenye silinda kama mvuke ni kidogo kuliko kilichotumwa. Injini yenye moto inahitaji kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, asubuhi inabidi umwage petroli zaidi ya hapo ili angalau hiyo inayogeuka mvuke itoshe. Sisi tulikuwa tunavuta choki, inabana hewa, mafuta yanazidi, injini inakaa. Ukisahau kuirudisha gari inatoa moshi mweusi mpaka Kolo. Sasa kwenye 110 yako choki haipo ila kazi yake ipo pale pale, imepewa kompyuta, na kompyuta haina mkono wa kugusa injini ijue ya baridi au ya moto, inaambiwa na sensa ya joto la maji. Ikidanganywa kwamba maji ni ya moto, haivuti choki. Dalili ni hizo hizo ulizoandika, inawaka, inatetemeka, inakufa, na ukikanyaga haraka inakabwa. Hiyo ya kukabwa iangalieni vizuri nyie mnaosema valvu ya hewa.

Fundi Nyaya:
Mzee wa Choki shikamoo, umeniwahi.

Dada Zabibu mimi ni fundi umeme wa magari hapa hapa Dodoma, sitakwambia njoo gereji kwangu, kwanza fanya vitu vya bure kabisa. Na hiyo laki mbili na nusu irudishe kwenye pochi. Kontrol boksi haifi kwa baridi ya saa kumi na mbili ikafufuka saa nne, ingekuwa imekufa ungekuwa unasukuma gari mchana.

Sikiliza mguu wako mwenyewe kwanza. Gari inayokosa hewa tu, ukiikanyagia taratibu inapanda laini, inanguruma vizuri, shida yake ni ukiachia. Gari inayokosa mafuta ukiikanyagia ghafla inakabwa, inapiga chafya, afu ndo inapanda. Wewe umesema zote mbili, inakufa ukiachia na inakabwa ukikanyaga. Kwa hiyo valvu ya silensa inaweza kuwa chafu kweli na isafishwe, ila peke yake haielezi hiyo chafya. Na kitu kingine umesema mchana ikikaa masaa mengi inawaka poa. Pampu ya kurudisha mafuta tenki haijui mchana wala usiku, ikikaa masaa sita mchana ingesumbua pia. Bahi Road usinichukie, jaribio lako ni la bure alifanye tu.

Hii gari ina kiboksi kidogo cheusi kwenye boneti kimeandikwa DIAGNOSIS kwenye mfuniko. Fungua, ndani ya mfuniko kuna majina ya matundu. Chukua kipande cha waya unganisha TE1 na E1, uwe na uhakika na majina usiingize pengine, swichi ON bila kuwasha injini, halafu angalia taa ya chek injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo kwa haraka bila kupumzika hakuna kodi, yaani namba ya hitilafu. Ikipepesa mbili, ikapumzika, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Tatu kisha moja ni 31, sensa ya presha ya manifoldi. Nne kisha moja ni 41, sensa ya kwenye trotobodi. Andika unachoona.

Ila nikutahadharishe mapema. Kukosa kodi hakumaanishi sensa ni nzima. Kompyuta inapiga kodi pale waya umekatika kabisa au umegusana kabisa. Sensa ikiwa inadanganya uongo unaoaminika, mfano asubuhi ya nyuzi 14 inasema nyuzi 70, kompyuta inaamini inaendelea na maisha. Ndo maana mashine za kupima za watu zinasoma "hakuna tatizo" na gari inazima mbele ya mashine.

Kwa hiyo cha maana ni mita. Tafuta maltimita, asubuhi KABLA hujawasha, chomoa soketi ya sensa pima sensa yenyewe upande wa ohm. Kwenye Toyota hizi, nyuzi 20 inasoma kati ya kilo-ohm 2 na 3, nyuzi 40 inakuja kama kilo-ohm 1, nyuzi 80 inakuwa ohm 200 mpaka 400. Asubuhi yetu ya Juni nategemea uone 2.5 kwenda 3.5 hivi.

Zingatia, ziko mbili. Yenye waya MMOJA ni ya mshale wa dashibodi, haihusiani na mafuta kabisa. Ya kompyuta ina waya MBILI. Fuata hose ya juu ya rejeta mpaka inapoingia kwenye injini upande wa distribyuta, zipo maeneo hayo. Nimeona watu wanabadili ya waya mmoja, mshale unakuwa mzuri, gari inaendelea kuzima, wanarudi kusema sensa nilishabadili.

Stendi ya Nanenane:
Jamani na mimi nidandie hapo hapo, Hiace yangu 3L dizeli asubuhi inapigwa stata mpaka betri inalia, ikiwaka inatoa moshi mweupe na inazima mara moja moja, na yenyewe ni sensa?

Fundi Nyaya:
Hapana bosi, dizeli haina hayo mambo, wewe ni plagi za moto, zile za kupasha silinda kabla ya kuwasha. Zipo nne, chomoa waya pima kila moja na bodi, nzima inasoma chini ya ohm moja au karibu na hapo, iliyokatika haisomi kitu. Pima pia kama umeme unafika ukiweka swichi ON maana relei nayo inakufa. Fungua uzi wako tutaongea, hapa tusimchanganye dada.

Kijana wa Chadulu:
Wote mmekosea, hapo ni mpira wa vakyumu umepasuka gari inavuta hewa ya wizi, hii Dodoma kavu mipira inapasuka sana. Nilikuwa na gari ilikuwa hivo hivo

Fundi Nyaya:
Gari gani mkuu? Nauliza kwa sababu inategemea. Gari yenye sensa ya kupima hewa kwenye bomba la filta, mpira ukipasuka hewa ya wizi haijapimwa, mafuta hayaongezwi, inazima, uko sahihi. Ila 110 ya 5A haipimi hewa kwenye bomba, inapima presha ya ndani ya manifoldi. Mpira ukivuja presha inapanda, kompyuta inaona, inaongeza mafuta, mara nyingi matokeo yake silensa inapanda juu badala ya gari kuzima. Aangalie mipira ndio, hasa ule mwembamba unaokwenda kwenye sensa yenyewe ya presha, ule ukitoboka kompyuta inadhani gari imebeba mzigo inamwaga mafuta, moshi mweusi. Yeye hajasema moshi.

Kijana wa Chadulu:
Ilikuwa Nissan. Sawa nimekuelewa

Fundi Nyaya:
Dada swali jingine, ikishapata moto silensa inakaa ngapi? Na huo mshale kukaa chini mpaka Ihumwa umenikaa kichwani, themostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) ipo humo ndani kweli?

Zabibu Kavu:
Nimerudi wakuu, asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili. Nijibu moja moja.

Jaribio la Bahi Road la swichi ON nimefanya leo asubuhi, pampu nimeisikia inavuma, haijabadilisha kitu, imewaka na kuzima kama kawaida yake. Hiyo ya taa, kaka yangu kanisaidia kuunganisha TE1 na E1, taa inapepesa mfululizo haraka haraka haipumziki. Kwa hiyo hakuna kodi kama nimeelewa.

Silensa ikiwa na moto inakaa kama elfu na mia moja hivi, na nikiweka D inashtuka kwa nguvu kama imesukumwa. Nilidhani ni giaboksi imeanza kuchoka nikaogopa hata kuuliza. Kuhusu themostati nimempigia aliyeniuzia, kasema fundi wake aliitoa akamwambia "huku kwetu joto haina kazi". Na kwenye rejeta yamo maji ya kisima, nimechungulia yana rangi ya udongo.

Mita sina ila kuna kijana anatengeneza redio na simu hapa jirani atanipa kesho.

Mzee wa Choki:
Joto! Amkeni saa kumi na moja Juni hapa Dodoma mita elfu moja na mia moja juu ya bahari muone hilo joto. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya peke yake binti yangu, imewekwa injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na ikae hapo. Ukiitoa maji yanazunguka kwenye rejeta toka unawasha, injini inakaa dakika nyingi ikiwa nusu baridi, mafuta yanakwenda, oili inachoka. Wanaitoa kwa sababu rejeta imeziba kwa chumvi ya maji ya visima, gari ikachemka, badala ya kuzibua rejeta wanatoa themostati. Kuuguza mgonjwa si kumlaza na kumfunika tu.

Fundi Nyaya:
Hapo mzee umepiga penyewe. Na hiyo 1,100 na kushtuka kwenye D ndo jibu la swali langu. Gari hii ikiwa na moto inatakiwa 700 mpaka 800. Kuna mtu hapo nyuma aliona inazima asubuhi, akakaza skrubu ya trotobodi ili kipepeo kisifunge mpaka mwisho. Ni dawa ya kuficha. Halafu ina madhara yake, kwenye sensa ya trotobodi kuna mguso unaoiambia kompyuta "mguu umetoka kwenye resi", kipepeo kikibaki wazi mguso haufungi, kompyuta inadhani umekanyaga muda wote inaacha kuongoza silensa. Giaboksi yako ina uwezekano mkubwa ni nzima, inashtuka kwa sababu inaingizwa gia injini ikiwa juu.

Usiguse hiyo skrubu kwanza. Ukiirudisha sasa hivi gari haitakaa kabisa asubuhi na utanitukana. Kesho leta namba za mita.

Alizeti ya Singida:
Nami nasubiri, ila valvu isafishwe bado nasema

Zabibu Kavu:
Namba hizi hapa. Asubuhi kabla ya kuwasha, sensa ya waya mbili, soketi ya kijani, ohm 390. Kijana wa redio kapima zaidi ya mara moja akabadilisha na pini za mita, ni hiyo hiyo inacheza hapo hapo 390, 400. Soketi ilikuwa na ukoko mweupe ndani.

Fundi Nyaya:
Aisee. Ohm 390 ni maji ya nyuzi 75 hivi. Gari yako inaamka asubuhi inaamini imetoka Morogoro sasa hivi. Haipewi mafuta ya asubuhi na wala haipewi silensa ya juu ya asubuhi, maana hata ile valvu anayoisema Alizeti inafunguliwa kwa kufuata sensa hii hii.

Lakini bado usinunue. Huyo kijana wa redio ana vitu vinaitwa rezista kwenye makopo yake, mwombe ya kilo-ohm 2.7, rangi zake nyekundu, zambarau, nyekundu, ni ya shilingi mia mia tu kama hatakupa bure. Kesho asubuhi chomoa soketi ya sensa, ingiza miguu miwili ya rezista kwenye matundu mawili ya soketi upande wa WAYA unaokwenda kwenye kompyuta, sio kwenye sensa, hakikisha miguu haigusani. Hapo kompyuta itasoma kama nyuzi 17. Washa bila kukanyaga resi. Ikikaa, umeshapata mwizi wako bila kununua hata skrubu. Usiondoke nayo hivyo lakini, injini ikishapata moto itakuwa inamwagiwa mafuta ya asubuhi mchana kutwa, plagi zitakuwa nyeusi. Na usijaribu kwa kuchomoa soketi ukaiacha wazi ukadhani ni sawa na rezista, soketi ikiwa wazi kompyuta inajichukulia nyuzi 80 ya kukisia, itazima vile vile, na hapo ndo kodi 22 itatokea.

Ule ukoko mweupe, kwa kawaida uchafu kwenye pini unaongeza ohm, yaani gari inadhani kuna baridi zaidi, yenu imekwenda kinyume, kwa hiyo sensa yenyewe imechoka ndani. Soketi isafishe tu kwa spreya ya umeme, utaihitaji.

Jembe la Kizota:
Huyu fundi anapatikana wapi, mimi wangu angeshaniuzia injini

Zabibu Kavu:
JAMANI IMEKAA!!! Nimeweka rezista, nimepiga stata, sijagusa resi hata kidogo, imewaka ikapanda yenyewe mpaka elfu na mia nane hivi ikanguruma hapo. Nilibaki naiangalia tu. Kaka yangu kasema silensa imezidi juu lakini mimi nilikuwa nacheka.

Kijana wa redio kakataa hela.

Sasa sensa niipate wapi, mpya au used?

Bahi Road:
Hongera dada. Maduka ya spea hapa mjini zipo, ila beba ya kwako mfukoni ufananishe soketi na nyuzi za skrubu, usimwachie muuzaji akupe "inayoingia". Wengine huwa tunaagiza Kariakoo inakuja na basi la usiku unaipokea stendi asubuhi

Fundi Nyaya:
Mpya au used sijali, ninachojali uipime dukani kabla hujalipa. Nenda na mita ya yule kijana (na soda yake, kakusaidia sana). Sensa ikiwa mkononi kwenye joto la dukani la nyuzi 25 hivi isome kama kilo-ohm 2 kushuka kidogo. Ishike kwenye kiganja, namba ianze kushuka. Muuzaji akiwa na maji ya chai ya moto itumbukize, ikishuka mpaka mamia ya ohm ujue ni hai. Isiyobadilika mwachie. Feki nyingi zinasoma namba nzuri ikiwa baridi halafu kwenye moto hazishuki inavyotakiwa, gari inaanza kula mafuta na lawama zinarudi kwa fundi.

Kuifunga, injini iwe imepoa, punguza maji kwenye rejeta kwanza, weka washa yake (ile ringi ya kuziba), usiikaze kama nati ya tairi, mwili wake ni shaba laini. Na wakati maji yamemwagwa ndo wakati wa kurudisha themostati, ya hii injini inafungua nyuzi 82, ile kipini kidogo chenye tundu la kupitisha hewa kiwe juu. Suuza mfumo, rejeta ikionekana imeziba izibuliwe kabla hujarudisha themostati la sivyo itachemka mlima wowote na watakwambia "si tulikwambia". Halafu weka kulanti iliyochanganywa na maji safi, sio ya kisima.

Baada ya hapo ndo trotobodi. Alizeti alikuwa na haki yake, hiyo valvu isafishwe kwa sababu imekaa na hilo tope muda mrefu na sasa itaanza kufanya kazi kweli. Na skrubu ya kipepeo irudishwe mwishoni kabisa, injini ikiwa na moto, kila kitu kimezimwa, taa na feni, mpaka mita ioneshe ule mguso wa sensa ya trotobodi (pini za IDL na E2) unafunga kipepeo kikiwa kimefungwa. Yule aliyeikaza mara nyingi huwa amelegeza na sensa yenyewe ya trotobodi, itazame.

Zabibu Kavu:
Hayo ya skrubu na IDL siwezi mwenyewe, hapo nitahitaji fundi wa kweli. Sensa nimepata used imetoka kwenye gari ya ajali, dukani ilisoma kilo-ohm 1.9, kwenye maji ya moto ikashuka 300 na kitu, muuzaji alikuwa ananiangalia kama nimetumwa na TBS. Imefungwa jana pamoja na themostati, rejeta ilitoka tope jekundu mpaka fundi akaniita nione. Leo asubuhi imewaka ikakaa, mshale umeshafika katikati hata sijafika Ihumwa. Ila silensa sasa ikiwa na moto bado iko 1,100 na kushtuka kwenye D kupo pale pale kama ulivyosema.

Mzee wa Choki:
Basi usiendelee kuibamiza gia hivyo, kanyaga breki kwanza, subiri silensa ishuke inavyoweza ndo uweke D, mpaka hiyo skrubu irudishwe.

Fundi Nyaya:
Nipe jumbe binafsi dada, jumamosi mchana nina nafasi. Kazi ya skrubu na kusafisha valvu haizidi masaa mawili, njoo na gasket ya trotobodi mkononi. Na yule wa kontrol boksi akipiga simu mwambie imepona.

Stendi ya Nanenane:
Fundi na mimi plagi za moto nimepima, mbili hazisomi kitu. Nafungua uzi sa hivi